Shukrani ya Sauti ya Chini

Ukuta wa tofali moja hauna siri.
Kikohozi cha Elimringi nakijua kuliko sura yake.
Ndiyo maana mwaka ule, hapa Pasua,
nilijifunza kushukuru kwa sauti ya chini.

Mimi ni karani wa ankara za maji.
Ofisi ilisema: kaeni nyumbani, mtapigiwa simu.
Tarehe ishirini na tano, jogoo wa mama Kaanaeli hajawika,
simu ikatetemeka chini ya mto:
mshahara. Wote. Hata posho ya nauli
ya safari nisizokwenda.
Nikafunika kioo kwa kiganja
kama mtu anayeficha taa.

Yeye ni mpagazi. Alikuwa.
Miaka kumi na minne amewapandishia wageni
viti, mahema, mitungi ya gesi,
trei za mayai zisipasuke hata moja.
Kisha ndege zikaacha kushuka KIA
na mlima ukabaki wazi asubuhi nzima,
mweupe, umeshanawa, hauna mgeni.
Buti zake zikaning'inia kwenye kamba ya nguo
tangu Kwaresima mpaka mahindi yakavunwa.
Nyigu wakajenga ndani ya ile ya kushoto.

Nina bomba uani. Nina mapafu.
Nina mche mzima wa sabuni, si kipande.
Nina dada yangu Kibosho, mwenye kihamba,
kila Jumamosi ananiteremshia mkungu wa mshare
kwa bodaboda, umefungwa kama mgonjwa.
Nina chumba cha pili. Baba alipopata homa
tulimweka humo peke yake na redio,
akatoka siku ya kumi na nane akidai mtori.
Upande wa pili wa ukuta wanalala sita.

Hayo yote ningeyataja mezani
lakini nasikia wakikwangua sufuria
kabla sisi hatujafika amina.
Basi nanong'ona: Mungu, asante kwa,
na hapo kwenye "kwa" nameza mate.

Nilifanya nini? Kidogo.
Niliweka ndoo yenye koki nje ya geti
ili wanawe wanawe.
Nilimpa kazi ya kulima bustani
isiyohitaji kulimwa. Alijua.
Alifika katikati, akaegemea jembe:
"Dada, ardhi hii umeilima juzi."
Kisha akamaliza nusu iliyobaki
kwa matuta yaliyonyooka mpaka nikaona haya.

Mwezi Juni ofisi ikaniletea orodha
ya kukatiwa. Mstari wa arobaini na moja:
Elimringi, elfu thelathini na nane.
Nilikaa nao usiku kucha, mstari ule.
Sikuwahi kufikiri kwamba posho yangu ya nauli
inatoka mahali, kwamba kuna mtu
anaitoa jasho au anadaiwa.
Nikauruka. Nikasema macho yamechoka.
Sijui kama ule ulikuwa wema
au woga wa kukutana naye kwenye ndoo.

Baba alipokuwa ndani na homa yake
kila jioni nilikuta getini fungu la majani,
mkaratusi, mchaichai, limefungwa kwa kamba ya hema.
Kamba ya rangi ya chungwa. Hakugonga.

Na usiku mmoja, sisi tumeshaanza kula,
nikamsikia ng'ambo ya tofali, sauti wazi,
sauti ya mtu aliyezoea kuitana kwenye ukungu:
"Asante kwa magoti yangu, bado yapo.
Asante kwa Aminieli, homa yake ilikuwa ya meno tu.
Asante kwa jirani mwenye bomba,
na kwa mzee wake, ameinuka."

Watoto wakaitikia amina, mmoja akichelewa.
Baba akanitazama.
Mimi sikuitika.
Nilikuwa na chakula mdomoni.